Baraza la Waganga na Yai la Mama Nguchiro

Nianze na ungamo, maana haipendezi mtu kusimulia makosa ya wenzake huku amelikalia lake kama kuku anayeatamia.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliwahi kuugua. Mama akamchemshia kuku, akanipa bakuli la mchuzi nimpelekee. Wala sikuwa mtoto. Nilikuwa nimeshaoa, na ndevu zimeota. Njiani mchuzi ukanukia. Nilipofika kwa bibi bakuli lilikuwa jepesi, nikamwambia, "Bibi, mganga amekukataza mafuta. Amesema unywe maji ya moto tu." Bibi akanitazama midomo, nayo ilikuwa inang'aa. Akasema, "Haya, mjukuu wangu, kama mganga amesema." Akanywa maji. Nilifanya hivyo siku nne.

Alipona, alhamdulillahi, lakini si kwa msaada wangu. Siku ya tano aliniketisha chini akanihadithia ngano hii. Sikuwahi kumuuliza kwa nini aliichagua hiyo, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Basi, mimi nabisha, nyinyi mniitikie.

Hodi ya ngano.

*Karibu, uwongo utangulie.*

Na kweli je?

*Itatukuta njiani.*

Hapo kale, nyoka hajakosana na miguu yake, kila mnyama alikuwa mganga. Aliyeamka na majani mkononi alikuwa mganga, na aliyeamka na jiwe alikuwa mganga wa meno. Nyani alikung'oa jino kwa jiwe: jino likatoka, na taya likafuata. Kunguru aliuza gome moja tu, gome hilohilo la tumbo, la macho na la mapenzi. Fisi yeye alipokea mahututi peke yao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumlalamikia.

Wanyama wakaenda kwa Simba. Wakasema, "Mfalme, tunakwisha."

Simba akasema, "Wanaojua wakae pamoja. Wapimane. Anayejua avikwe kofia, asiyejua arudi shambani." Kisha akashindilia unyayo wake kwenye udongo mbichi, tifu, udongo ukakauka, na huo ndio ukawa muhuri wa Baraza la Waganga.

Sitalisingizia Baraza. Mwanzo wake ulikuwa mwema. Nyani alipimwa akaonekana hajui, akanyang'anywa jiwe. Kunguru alifukuzwa sokoni na magome yake. Fisi aliambiwa akae hatua mia kutoka kwa mgonjwa yeyote, azihesabu kwa sauti. Wanyama wakapona, wakashukuru, wakasema kweli Simba ana akili.

Shida ilikuja walipotafuta Mkuu wa Baraza. Walikaa siku nzima wakitazamana. Kiboko alichoka akapiga mwayo, na mwayo wa Kiboko ukifunguka huoni kilicho nyuma yake. Wakasema, "Mdomo mkubwa namna ile hauwezi kukosa maarifa ndani." Wakamvika kofia ya kibuyu. Chini yake wakamweka Ngiri, na chini ya Ngiri wakamweka Korongo. Wakawa waganga watatu.

Kiboko akatunga sheria, zikachorwa kwenye udongo chini ya muhuri wa Simba. Waganga watatu wakisema fulani anaumwa, basi anaumwa. Fulani huyo akikana, kule kukana ni dalili. Mgonjwa ana mwiko wa chakula anachokipenda kuliko vyote, na chakula hicho kiletwe barazani, asije akashawishika. Na mganga hajipimi mwenyewe.

Wanyama wakasikiliza, wakasema, "Sheria nzuri." Sauti yake ilikuwa nzito, nani angesema ni mbaya?

Sasa huko bondeni aliishi Nguchiro na mama yake, kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Nguchiro alikuwa mdogo wa mwili na mwepesi wa akili, lakini Baraza aliliamini kama anavyoamini kuwa jua litachomoza. Asubuhi mama alitoka kutafuta mayai ya kware. Mnajua nguchiro anavyopasua yai. Hampasulii mtu mezani. Analishika, anaupa mwamba mgongo, anainama, analirusha kinyumenyume katikati ya miguu. Ko. Yai limepasuka. Mama Nguchiro alikuwa fundi wa kurusha, bonde zima hakuna aliyemfikia.

Siku moja waganga wakapita nyumba kwa nyumba. Kwata, kwata, kwata, wakafika kwenye kichuguu. Mama alikuwa ameshika yai, ameinama.

Kiboko akasema, "Toa ulimi."

Mama akatoa ulimi.

Kiboko akasema, "Anaumwa."

Ngiri akasema, "Anaumwa sana."

Korongo akatikisa shingo, akasema, "Na tumechelewa."

Mama akasema, "Jamani, mie mzima. Hapa nilipo nataka kula."

Wakatazamana. "Mmesikia?" akasema Kiboko. "Anakana. Mama, chakula gani unakipenda kuliko vyote?"

"Mayai."

"Ndiyo sumu yako. Usile yai hata moja mpaka Baraza liseme umepona. Kila utakaloliokota, kijana alilete barazani."

Wakaondoka, kwata, kwata, kwata, na lile yai wakaenda nalo.

Nguchiro akabaki amesimama. Akamtazama mama, akaona mama mzima. Akalikumbuka Baraza, akaona mama mgonjwa. Akamtazama tena.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Hiyo ni dalili, mama."

"Basi naumwa?"

"Sijui. Nikuulize tena?"

Wakaulizana hivyo mpaka kivuli cha kichuguu kikazunguka upande wa pili. Mwisho mama akasema, "Wale ni wasomi, wana muhuri. Sisi ni nani?" Akalala.

Kuanzia hapo kila asubuhi Nguchiro aliokota yai, akalipeleka barazani. Kila asubuhi aliuliza, "Mama yangu amepona?" Na kila asubuhi Kiboko alijibu, "Bado. Kesho lete mawili." Mama naye akala majani, akala panzi mmojammoja, akakonda. Mkia ukapukutika manyoya. Alipoanza kukaa upande kwa kukosa nguvu ya kukaa wima, Nguchiro akasema moyoni: tazama, Baraza lilisema anaumwa, na kweli anaumwa. Lakini aliumwa kabla ya wao kusema, au baada ya wao kusema? Alijaribu kulifikiri jambo hilo, kichwa kikamzunguka, akaketi.

Mama akamwambia, "Mwanangu, nikifa usilie sana. Lakini ningependa kusikia ile *ko* mara moja tena."

Neno hilo lilimwingia Nguchiro kama mwiba. Akachukua yai la siku hiyo akaenda nalo barazani mapema kuliko desturi, hajapiga hodi. Akamkuta Kiboko peke yake ghalani. Huku mikungu ya ndizi ya Tumbili, huku asali ya Nyegere, huku karanga za Kindi. Wote walishapimwa, wote wana mwiko. Na kwenye masharubu ya Kiboko kulikuwa na ganda la yai.

Nguchiro akaliacha yai lake pembeni, chini ya majani ya mgomba, akarudi nyuma kimyakimya. Akasema: labda anayachunguza. Kisha akasema: anachunguza kwa ulimi? Kisha akasema: mimi nani, sijasoma.

Nje akawakuta Ngiri na Korongo wameketi chini ya ukuta. Tumbo la Ngiri likasema ngururu. La Korongo likajibu ngururu.

"Shikamooni, waganga."

"Marahaba, kijana."

"Ndani naona chakula kingi. Nanyi matumbo yanazungumza. Kwani mna mwiko?"

Ngiri akatazama mlango, akashusha sauti. "Mkuu anasema vyakula vya wagonjwa vina ugonjwa ndani yake. Anatukinga. Anavila yeye peke yake ili sisi tusidhurike."

"Ni huruma kubwa," akasema Korongo, na machozi yakamlengalenga. Ya huruma au ya njaa, sijui.

"Na Mkuu akiugua," Nguchiro akauliza, "nani anampima?"

Wote wawili wakamtazama. Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa. Ngiri akasema polepole, "Hajipimi mwenyewe, hiyo ni sheria. Lakini kwa kumwondoa yeye tunabaki wawili, na wawili hawatoshi."

Nguchiro akashukuru, akaondoka. Usidhani alikuwa na hila kichwani. Alikuwa na mama yake kichwani, basi. Lakini alipofika nusu ya njia akasimama, akageuka, akarudi mbio, tipu, tipu, tipu, mpaka mbele ya Kiboko, akasema, "Mkuu, nimekuja kuomba kofia."

Kiboko akacheka, maji ya mtoni yakatetemeka. "Wewe? Kofia yenyewe ni kubwa kuliko wewe. Utaishi ndani yake?"

"Nitaishi ndani yake, Mkuu, nikichungulia. Nipimwe tu."

"Nikikupima ukashindwa, na wewe una mwiko wa kila kitu. Umekubali?"

Nguchiro akajua akishindwa, mama hatalionja yai tena, na hata panzi hatampatia. "Nimekubali," akasema.

Wakaketi. Desturi ya mtihani ilikuwa moja: mwombaji anachagua mgonjwa mmoja aliyemo barazani, anamhoji mbele ya waganga, anataja ugonjwa wake. Waganga wawili wakikubali, mwombaji amefaulu, na anavikwa kofia palepale. Zamani barazani walijaa wagonjwa. Lakini tangu kuletwa sheria ya mwiko wagonjwa walijifunza kukimbia. Siku hiyo uwanja ulikuwa mweupe, hata mwenye mafua hayupo.

"Chagua basi," akasema Kiboko huku akipiga mwayo. "Yeyote aliyemo humu."

Nguchiro akainua kidole. "Nakuchagua wewe, Mkuu."

Nzi mmoja akapita, zzz.

"Mimi mzima," akasema Kiboko.

Ngiri akakohoa. "Mkuu, samahani. Umekana."

"Sikukana, nimesema mimi mzima."

"Mama Nguchiro naye alisema hivyohivyo," Korongo akasema. "Tuliandika dalili."

Kiboko akafungua mdomo, akaufunga. "Haya, aulize. Uliza upesi."

Nguchiro akakaribia. "Mkuu, ukila unashiba?"

"Nashiba."

"Ukishashiba unataka nini?"

"Nataka kula."

Ngiri akatikisa kichwa. "Maskini."

"Ukiwa majini unasikiaje?"

"Nasikia baridi."

"Na ukitoka?"

"Nasikia jua linanichoma."

"Baridi na joto siku moja," akasema Korongo. "Maskini."

"Masikio yako, Mkuu, mbona yanachezacheza?"

Kiboko akajaribu kuyatuliza masikio. Yakacheza zaidi. "Yanacheza yenyewe," akasema, na sauti yake sasa haikuwa nzito kama jana.

"Na jasho lako la rangi gani?"

Hapo Kiboko akageuka akajitazama ubavuni. Kwa kuwa alikuwa amekaa juani muda mrefu, jasho lilikuwa limeshamtoka, na jasho la kiboko, kama mnavyojua, halifanani na la mtu. Ni jekundu.

"Jekundu," akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Lahaula," akasema Ngiri. "Ugonjwa wa siku nyingi."

Sasa sikilizeni. Nguchiro alikuja kumtega, hilo nalikubali. Alitaka kumwingiza mtu katika shimo lake mwenyewe. Lakini alipoliona lile jasho jekundu likiteremka ubavuni, na masikio yakicheza, na ule mwili mkubwa umenywea, aliingiwa na hofu. Je, kama kweli anaumwa? Je, kama mimi ndiye wa kwanza kuona? Akatazama huku na huku apate mtu wa kumuuliza, akakuta wote wanamtazama yeye.

"Anaumwa," akasema Nguchiro, na hakujua kama anadanganya.

"Anaumwa sana," akasema Ngiri.

"Na tumechelewa," akasema Korongo.

Watatu. Wakaitoa kofia ya kibuyu kichwani kwa Kiboko wakamvika Nguchiro, ikashuka mpaka chini, pu. Sauti ikatoka ndani ya kofia:

"Mkuu, chakula gani unakipenda kuliko vyote?"

Kiboko akafikiri. Machozi yakamtoka. "Vyote," akasema.

"Basi mwiko wako ni vyote, isipokuwa majani. Na jua ni adui yako, ukae majini mchana kutwa. Baraza litakuja kukutazama."

Kiboko hakubisha. Angebisha, ingekuwa dalili. Alikwenda mtoni kichwa chini, chubwi, akazama mpaka puani. Aliwaachia pua tu.

Ngiri na Korongo waliingia ghalani hata hawakuaga. Nguchiro alijitoa chini ya kofia, akawafuata, akawashika mikia. "Kwanza mama yangu."

"Amepona," akasema Ngiri, mdomo umejaa ndizi.

"Amepona sana," akasema Korongo.

"Amepona," akasema Nguchiro. Nao wakawa watatu.

Akapekua ghala zima. Maganda, maganda, maganda. Kwenye pembe moja, chini ya majani ya mgomba, akakuta yai moja la kware, zima. Ni lile alilolileta asubuhi ile. Akalikumbatia, akakimbia, tipu, tipu, tipu, mpaka kwenye kichuguu.

"Mama, umepona. Baraza limesema."

Mama akafumbua jicho moja. "Nimepona nini?"

"Sijui, mama."

"Kwani nilikuwa naumwa kweli?"

"Hilo nalo sijui. Kula yai."

Mama akalitazama yai kama anayetazama nyoka. "Hapana, mwanangu. Walisema ni sumu."

"Walikosea."

"Walikosea walipokwambia sumu, au walikosea walipokwambia nimepona? Si ni Baraza lilelile?"

Nguchiro akaketi. Watu wa Baraza lilelile, muhuri uleule, na kofia ameivaa yeye mwenyewe. Alichoweza ni kuliweka yai mbele ya mama, akamshika kiuno, akamsimamisha mgongo ukielekea mwamba.

"Usile," akasema. "Lirushe tu."

"Nirushe tu?"

"Ulisema ungependa kusikia."

Mama akalishika yai. Akainama. Akalirusha kinyumenyume.

Ko.

Harufu ikapanda. Mama akageuka polepole, akalamba tone moja. Akangoja afe. Hakufa. Akalamba la pili. Nguchiro naye akangoja, ameziba macho, akasikia tu ulimi, lap, lap, lap, na kisha sauti ya mama ikisema, "Lete jingine."

Na Kiboko je? Mwezi mzima alikula majani na kukaa majini. Akapungua tumbo, usingizi ukawa mtamu, magoti yakaacha kumuuma. Maana kumbe magoti yalikuwa yakimuuma miaka yote na hakumwambia mtu, kwa sababu mganga hajipimi mwenyewe. Akamwita Nguchiro ukingoni, akamwambia, "Mganga, Mungu akuzidishie. Ulijuaje?"

Nguchiro akafungua mdomo aseme kweli. Akaufunga. "Tulisoma kwenye jasho," akasema, nalo hilo limo katika vitabu vya Baraza mpaka leo. Kiboko hakurudi kwenye ukubwa wake. Hadi leo anakula majani, na mchana akisikia hatua za watu anazama, anabakiza pua, akidhani ni waganga wamekuja kumtazama.

Wanyama wakapewa vyakula vyao vilivyosalia, na sheria ya mwiko ikafutwa. Ile ya kukana ni dalili Nguchiro alisema ataifuta kesho. Akaenda kuifuta, akakuta mlangoni kikapu cha mayai ishirini, shukrani kutoka kwa mtu asiyemjua. Akakitazama kile kikapu. Bibi yangu alifika hapo, akanitazama midomo, akanyamaza. Nikamuuliza, "Bibi, alifuta?" Akasema, "Mimi sikuwepo."

Ngano yangu imefika mlangoni, viatu imevaa.

*Iende salama, uwongo wake ituachie.*

Na mafunzo ni haya: waheshimuni waganga, msibishane nao, wala msihoji kofia ya mtu, wenye kofia hawakosei. Na anayekula chakula cha mgonjwa huwa anamsaidia mgonjwa.

Sasa wewe uliyekaa karibu na mlango, nina ombi. Bi Mwanamvua wa nyumba ya tatu anaumwa, na mke wangu amemchemshia kuku. Bakuli lile pale juu ya kabati, limefunikwa sahani. Mimi nimeshatubu, Mwenyezi Mungu anajua, lakini njia ni ndefu na mchuzi unanukia. Tafadhali mpelekee wewe. Usilifunue, na umngoje mpaka amalize kula.